Spana Iliyozuia Ndege ya Mafia

Tangu nirudi Tabora, kila ninapoketi kwenye kahawa naulizwa swali lilelile: wewe Maganga ulipelekwa Dar es Salaam ukawe karani bandarini, ndege zilikupata wapi? Nimejibu vipande vipande hata wengine wamesikia mwisho kabla ya mwanzo, na Hamisi kinyozi anawasimulia wateja wake kwamba niliwahi kuiba ndege. Basi naandika. Habari za tiketi na fomu nitaziruka, maana hazijamfurahisha mtu popote. Nina miaka arobaini na mitatu, nimelala katika miji mingi na sikutulia katika hata mmoja, lakini nikifumba macho inayonijia bado ni Kariakoo ya miaka ya hamsini, na harufu yake ya nazi iliyokunwa na vumbi lililomwagiwa maji.

Tabora hadi Kimamba

Nilipanda treni nikiwa na darasa la kumi kichwani, sanduku la bati mkononi na barua ya mjomba kwa rafiki yake wa bandarini. Daraja la tatu lilijaa hata mlangoni. Mbele yangu alikaa mzee mmoja Mgogo, mkimya, fimbo katikati ya magoti.

Saranda tulinunua kuku wa kuchoma kupitia dirishani, kama kila mtu apitaye Saranda. Nikamweka wangu juu ya karatasi, pale kwenye benchi, nikageuka kutafuta chumvi. Nilipogeuka tena, yule mzee alikuwa na paja zima mdomoni, na mama wa pembeni anamchania mtoto wake kidari. Nikakasirika, nikawauliza kama hawana chao. Mzee alimaliza kutafuna kwanza. Akaniambia kwa upole kwamba chakula kikiwekwa kwenye benchi ni cha benchi. Anayetaka kula peke yake huweka mapajani. Kisha akafungua kifurushi chake, akatoa viazi vitamu vya kuchemsha na karanga, akavitandaza pale pale. Nilikula mpaka Dodoma, nikiwa na aibu na nikiwa nimeshiba.

Kimamba treni ilisimama, ikakataa kuondoka. Mvua ilikuwa imemeza reli mbele yetu, kwenye mbuga ya Mkata. Tulikaa siku tatu. Siku ya kwanza watu walinung'unika, ya pili wakawasha majiko kando ya reli, ya tatu kulikuwa na kinyozi, fundi viatu na sala ya jamaa.

Siku hiyo ya tatu ndege ndogo ilikuja kuangalia reli kutoka juu, ikatua kwenye uwanja wa shamba la mkonge. Ilipotaka kuondoka injini ikagoma. Tulikwenda mbio kutazama, nusu ya treni. Chini ya injini alisimama Kalasinga mwenye kilemba cha buluu, ndevu zimefungwa vizuri, mikono imejaa oili. Alitutazama sote, akaninyooshea kidole.

"Wewe mrefu. Njoo ushike hapa. Usikaze mpaka niseme."

Nilishika saa nzima. Nilimpa vifaa alivyoomba, na kila alichokirudisha nilikipanga nilipokitoa, kwa mazoea tu ya mtoto aliyelelewa na shangazi mkali. Alipomaliza hakufunga mfuniko. Alihesabu vifaa vyake kimoja kimoja kwa sauti, tena mara mbili. Watu wakaguna kwamba anatuona wezi. Nami nilidhani hivyo, nikamwuliza.

"Wewe ukiiba spana yangu, nitanunua nyingine," alisema. "Ikibaki humo ndani, rubani hatanunua kitu tena."

Akafunga mfuniko. Jina lake lilikuwa Jaswant. Kabla ya kupanda aliniambia nikifika Dar es Salaam niulize banda la ndege za kukodi, barabara ya Pugu. Ndege iliruka juu ya mkonge, ikainama kidogo upande mmoja, ikapotea. Nilibaki nimesimama kwenye matope mpaka mtu akanishika bega kunikumbusha treni.

Kimamba hadi Kariakoo

Safari iliyobaki siikumbuki vizuri, maana kichwa changu kilikuwa hewani. Nilikumbushwa ardhi na mwenye nyumba wangu.

Rafiki wa mjomba alinipangia chumba Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na uwanja nyuma. Mwenyewe alikuwa Bi. Tatu, Mzaramo, mjane, muuza vitumbua sokoni. Nilipiga hodi, akaniuliza kabila. Nilipotaja Unyamwezi aliweka chini ungo wake, akalichukua sanduku langu la bati, akalikalia.

"Mpagazi wangu umechelewa," alisema. "Babu yako aliondoka na pembe zangu za ndovu. Ziko wapi?"

Ninyi wa Tabora mnajua, lakini naandika pia kwa watakaosoma mbali na hapa: sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za wazee wetu waliobeba mizigo kuja pwani. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya watu au kuchukua kitu chako akakificha. Ukinuna, umeshindwa. Unakikomboa kwa mzaha, mambo yanaisha. Nilimjibu kwamba pembe zipo, ila tulisubiri Wazaramo wamalize ngoma, na ngoma haijaisha mpaka leo. Akacheka hadi kikohozi kikamshika, akaniachia sanduku. Tangu siku hiyo jina langu nyumbani mle likawa Mbeba Pembe, na hapakupita wiki bila kiatu changu kimoja kulala kwenye kapu lake la nazi.

Kariakoo hadi barabara ya Pugu

Bandarini nilikaa miezi miwili. Kazi ilikuwa safi na kivuli kilikuwepo. Lakini kila ndege ilipopita niliinua kichwa, na karani mkuu akakohoa. Siku moja nilimaliza kuandika orodha ya magunia, nikaaga, nikanunua baiskeli iliyotumika, nikakanyaga kupita Buguruni, kati ya minazi na mashamba ya muhogo, hadi kwenye lile banda.

Jaswant alinikumbuka. Meneja, Mzungu tuliyemwita Bwana Tochi kwa sababu aliwasha tochi hata saa sita mchana, alinipa ufagio.

Makarani wenzangu wa bandarini walipita Kariakoo Jumamosi kunicheka: darasa la kumi, anafagia chini ya ndege kama kuku. Sikuumia sana. Ukutani mle bandani kulikuwa na ubao, na juu yake kila kifaa kilichorewa kivuli chake cheusi. Jioni kila kifaa kilirudi kwenye kivuli chake, na ndege haikuondoka kivuli kimoja kikiwa wazi. Nilijua nimefika mahali pangu.

Lakini desturi ya kampuni ile ilikuwa hivi: Mwafrika alisukuma, alisafisha, alishika, na hata alitengeneza kama Jaswant alikuwa na haraka, ila kazi yake haikuandikwa popote. Na bila kitabu cha kazi kilichosainiwa na fundi mwenye leseni, tena na barua ya meneja, huwezi kufanya mtihani wa ufundi Nairobi. Bila mtihani huwezi kutia sahihi kwamba ndege ni nzima. Salum, mtu wa Lindi, alikuwa pale mwaka wa tisa. Aliweza kusikia injini ikinguruma kwa mbali akakuambia ni silinda ipi inayougua. Hakuwa na kitabu.

Jaswant alinianzishia changu kwa siri, kwa sababu nilisoma Kiingereza. Kilichobaki ni barua ya Bwana Tochi. Niliitaka barua ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na watu wote wa nyumbani kwa Bi. Tatu walilijua hilo hata wakachoka kunisikia.

Jumapili uani

Shule ilianza kwa Salum kuniomba nimsomee kijitabu cha injini. Nilisoma, nikatafsiri, yeye akanieleza maana, kwa kuwa maneno nilikuwa nayo mimi na injini alikuwa nayo yeye. Jumapili iliyofuata akaja Elia, Mchagga aliyeuza katika duka la mjomba wake Mtaa wa Kongo, kijana wa maswali mengi. Kisha wengine. Tulifika wanane, tumeketi juu ya mbuzi za nazi na makreti, katikati injini mbovu ya pikipiki tuliyoitoa kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani. Bi. Tatu alitupa vitumbua vilivyoungua na maoni yake bure.

Jumapili moja Jaswant alikubali kuniazima bunda la spana, nane, zimekunjwa ndani ya kitambaa chenye mifuko, nimfundishe Elia na wenzake vipimo. Zirudi Jumatatu asubuhi, alisema. Zilirudi. Nilimkabidhi bunda mkononi, naye alikuwa na haraka, ndege ya kisiwani Mafia inangojwa. Akaniuliza neno moja tu, "Kamili?" Nikasema kamili. Sikulifungua.

Jumatatu

Saa nne ndege ilikuwa tayari. Jaswant, aliyekuwa amezitumia kwenye ndege ile asubuhi nzima, alitundika spana ubaoni. Kivuli cha spana ya nusu inchi kikabaki wazi.

Abiria walikuwa mkubwa mmoja wa serikali na mkewe, wamesimama juani, mama anajipepea kwa kofia. Bwana Tochi alikuja na tochi yake. Jaswant alieleza, na hakuficha kwamba vifaa vililala Kariakoo kwa ruhusa yake. Bwana Tochi akanigeukia.

"Asubuhi ulizihesabu?"

"Sikuhesabu. Nilisema kamili, lakini sikuhesabu."

"Kwa hiyo spana iko nyumbani kwako."

"Ama iko nyumbani, ama iko ndani ya ndege."

Rubani alitazama saa yake. Bwana Tochi alisogea karibu, akashusha sauti, na nadhani alitaka kunisaidia. Aliniuliza kama naweza kuapa kwamba iko nyumbani. Nikiapa, ndege inaondoka, yeye atasahau. Niliiona barua yangu imekaa ndani ya swali lile. Na kweli niliamini iko nyumbani, mimi na Bi. Tatu tunajuana. Lakini kuamini siyo kuhesabu.

"Siwezi kuapa," nikasema.

Bwana Tochi akaamuru ndege ifunguliwe. Jaswant akaanza na injini. Salum, kwa kuwa alikuwa mwembamba kuliko sisi sote, alivua shati, akaingia kwa tumbo ndani ya mkia, kwenye bati linalochoma, kupapasa kati ya nyaya. Mimi nikapewa saa moja na nusu nikatafute nyumbani.

Sijapata kukanyaga baiskeli namna ile. Nilipekua chumba, hakuna. Nikaenda sokoni, nikamkuta Bi. Tatu nyuma ya karai lake, amezungukwa na wauza mboga.

"Bi. Tatu, umechukua chuma changu?"

"Huna hata salamu, Mbeba Pembe? Tabora mlifunzwa na punda?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Chuma kipi?" Akainua kisahani, na pale chini, juu ya jani la mgomba, spana imelala. "Huyu? Huyu ni mateka. Mkomboe. Imba wimbo wa wapagazi, na soko lisikie."

Ningemfokea ningepoteza nusu saa na rafiki. Nikaimba. Niliimba ule wa kupandia mlima, jasho linanitoka, na wauza mboga wakanipigia makofi, na mzee mmoja wa nazi akaitikia kana kwamba amebeba mzigo kweli. Nilipomaliza Bi. Tatu alinipa spana, machozi ya kicheko yamemjaa. Ndipo nikamwambia. Ndege imefunguliwa. Salum yuko ndani ya mkia, kwenye jua hili, anaitafuta hii.

Kicheko kilimtoka usoni. Alifuta mikono, akamwachia jirani karai, akajifunga buibui.

"Twende."

"Wewe baki, mimi nitaeleza."

"Utaeleza nini? Ukienda peke yako utaitwa mwizi, mimi nimekaa hapa nageuza vitumbua. Utani ni wangu, ushahidi ni wangu. Sogeza hiyo baiskeli."

Alipanda keria, akanishika kiuno, na kila tulipopita kwenye shimo alinilaumu mimi. Buguruni watoto walitukimbilia wakishangilia kwamba bibi harusi anatoroshwa.

Bandani alishuka, akajitengeneza, akamsalimu kila mtu, hata yule mama mwenye kofia. Akamweleza Bwana Tochi habari za babu zetu, pembe za ndovu na viatu vyangu ndani ya kapu la nazi. Jaswant alitafsiri palipokuwa pagumu. Bwana Tochi alisikiliza mpaka mwisho, uso umekaza.

"Kwetu," alisema, "kuchukua kitu cha mtu bila kumwambia ni wizi."

"Na kwetu pia," akajibu Bi. Tatu. "Lakini mwizi gani anapanda keria akakuletea?"

Jaswant alikohoa ndani ya ndevu zake. Salum akatoka mkiani kwa miguu kwanza, mweusi kwa mafuta na vumbi, mkono mmoja umeungua kuanzia kiwiko. Aliuliza tu kama imepatikana. Akanywa kata mbili za maji bila kupumua, akarudi kusaidia kufunga. Ndege iliondoka saa nane mchana.

Barua

Siku tatu hakuna aliyenisemesha. Siku ya nne Bwana Tochi aliniita ofisini. Barua ilikuwa mezani, imepigwa chapa, na jina langu juu yake.

"Kurusha ndege wengi wanajua," alisema. "Kuizuia, na mke wa mkubwa amesimama juani, nimewaona watatu. Wewe ni wa nne."

Kisha masharti. Kifaa hakitoki tena nje ya ua ule. Na ile shule ya uani ife, asiisikie tena.

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa nimefungua mdomo. Lakini dirisha lake lilitazama bandani, na Salum alikuwa anasukuma ndege kwa mkono mmoja, wa pili umefungwa kitambaa. Alikuwa amelala ndani ya bati la moto akitafuta kosa langu, na mimi ndiye ninayepewa zawadi ya uaminifu. Nikauliza mwaka ujao barua itakwenda kwa nani. Akasema kampuni itapeleka mtu mmoja kwa mwaka, na mwaka ujao atatazama.

Nikamwomba aandike upya. Kila anayegusa ndege awe na kitabu cha kazi, na barua ifuate miaka ya kazi.

"Kwa hesabu hiyo wa kwanza ni Salum."

"Ndiyo."

"Kiingereza hajui."

"Anajifunza Jumapili. Na kama uani ni tatizo, shule ihamie hapa, Jumamosi mchana. Ubao uko hapa, hakuna kitakachotoka."

Aliwasha tochi, akaimulika ile barua katikati ya mchana mweupe, kama anayetafuta ufa. Akasema atafikiri, nitoke.

Msinipambe kwa sifa. Jioni ile nilishuka kwenye baiskeli pale Buguruni nikajitukana kwa lugha mbili. Bi. Tatu aliposikia alisema Wanyamwezi wamezoea kubeba mizigo ya watu, kisha akaniwekea sahani ya wali na papa, akakaa nami mpaka nilipomaliza, bila utani wowote.

Mvua zilikwisha ndipo karatasi yenye yale niliyoyaomba ikabandikwa mlangoni mwa banda, kwa Kiingereza na Kiswahili. Vitabu viligawiwa saba. Jumamosi ya kwanza ya shule pale bandani, Elia alikuja amevaa tai.

Kuondoka

Salum alikwenda Nairobi akaanguka, kwenye karatasi ya maandishi. Akarudi, tukamkalia mwaka mzima, Elia akimfanya aandike kila jina la kifaa mara ishirini. Akaenda tena, akapita. Zamu yangu ilikuja baadaye, nikapita mara ya kwanza, nikajivuna kidogo, nikaitwa kazini Entebbe. Miguu ilikuwa imeshaanza kuwasha. Nilijua kwamba nikitoka sitarudi kuishi Dar es Salaam tena.

Bi. Tatu alikataa kunisindikiza. Alisema hasindikizi wapagazi, wanajua njia. Alikuwa amejifungia chumbani akidai kichwa kinamwuma.

Ndege yangu ilikuwa ile ndogo, kwenda Nairobi kupitia Tanga. Jaswant alikuwa ameketi kivulini na kikombe cha chai, hana haraka, maana zamu haikuwa yake. Saa ya kuondoka ilifika, ikapita. Salum alikuwa amefungua mfuniko, ameona mpira wa oili umeanza kuchanika, na alikuwa anaubadili. Tulikuwa abiria watatu. Mmoja, mfanyabiashara wa Tanga aliyevaa koti zito, alichoka kusimama.

"Yule ni nani anayetuweka hapa?" akaniuliza.

"Fundi wa zamu."

"Na rubani mzima anamngoja yeye?"

"Sote tunamngoja."

Salum alimaliza, akarudisha vifaa ubaoni, akavihesabu, akafuta vidole kimoja kimoja. Kisha akachukua kalamu na kuandika jina lake kwenye kitabu cha ndege, herufi kubwa, zilizosimama wima, bila kuharakisha hata moja. Hakunitazama, alikuwa kazini. Akampa rubani kitabu, akamwashiria kwa kichwa, nasi tukapanda.